Kula Kivietnamu Houston: kwa Christine Ha wa MasterChef, Mai's, au Crawfish & Noodles?

Ukiishi Houston, au ukija kumtembelea ndugu yako hapa, swali la wapi kula chakula cha Kivietnamu litakukuta mapema. Mji huu una mojawapo ya jumuiya kubwa zaidi za Wavietnamu nchini Marekani nje ya California. Migahawa yao imetapakaa kuanzia Midtown hadi Bellaire Boulevard, ambako hata vibao vya barabarani vina majina ya Kivietnamu. Na mgeni yeyote aliyewahi kutazama MasterChef, lile shindano la mapishi la televisheni, huuliza jambo lilelile: je, twende kwa yule dada asiyeona aliyeshinda?

Dada huyo ni Christine Ha, na mgahawa wake unaitwa The Blind Goat, yaani Mbuzi Asiyeona. Hapa nauweka pamoja na migahawa mingine miwili ambayo mwenyeji yeyote angekutajia: Mai's wa Midtown, uliofunguliwa mwaka 1978, na Crawfish & Noodles wa Bellaire Boulevard, uliofunguliwa mwaka 2008. Yote mitatu ni ya Kivietnamu na yote mitatu ni ya Houston kwelikweli, lakini ukikosea kuchagua unaweza kumpeleka mama mkwe mahali ambapo atakaa saa mbili bila kugusa chakula.

Umaarufu wa televisheni una uzito gani?

Nianze na hili kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Mtu akishatokea kwenye televisheni, viti vya mgahawa wake hujaa mwaka wa kwanza. Baada ya hapo, mgahawa hubaki na sifa za chakula chake tu. Harold Dieterle, mshindi wa kwanza kabisa wa Top Chef, shindano jingine la wapishi la televisheni, alifungua Kin Shop mjini New York mwaka 2010, mgahawa wa mapishi ya Kithai uliosifiwa sana. Ulifungwa mwaka 2015. Dale Talde, mwenye asili ya Ufilipino, alishiriki Top Chef mara mbili, kisha mwaka 2012 akafungua mgahawa wenye jina lake Brooklyn. Nao ulifungwa mwaka 2019. Hawa ni wapishi hodari wote wawili. Umaarufu haukuwalinda na gharama za mji mkubwa.

Kwa hiyo mimi huuliza swali jingine: kati ya siku ile ya televisheni na siku ya kufungua mlango, mtu huyu alikuwa wapi? Andy Oliver wa Uingereza alifika fainali ya MasterChef mwaka 2009. Hakukimbilia kufungua mgahawa. Aliingia kwenye majiko ya Kithai, nahm mjini London na Bo.lan mjini Bangkok, akafundishwa kazi, na ni mwaka 2016 ndipo yeye na wenzake walipofungua mgahawa wa som saa katika mtaa wa Spitalfields, London. Yeye si Mthai, na alilijua pengo hilo akalifanyia kazi kwa miaka. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kutosha ya kumwamini mtu.

Christine Ha alishinda mwaka 2012. The Blind Goat ulifunguliwa mwaka 2019. Miaka saba. Katikati aliandika kitabu cha mapishi, akakaa kwenye kiti cha jaji wa MasterChef Vietnam, akaendelea kupika. Alipofungua, alianza na kibanda ndani ya ukumbi wa vyakula katikati ya mji, mahali ambapo jirani yako anauza chakula cha aina nyingine kabisa na mteja anaweza kukupita bila kukuangalia. Mwaka uliofuata The Blind Goat ukaingia kwenye orodha ya nusu fainali ya tuzo za James Beard, tuzo kubwa za wapishi na migahawa, katika kundi la migahawa mipya bora ya Marekani nzima. Baadaye ukahamia kwenye jengo lake, Long Point Road, eneo la Spring Branch.

The Blind Goat

Wazazi wa Christine walikuwa wakimbizi kutoka Vietnam. Yeye alizaliwa California mwaka 1979, mwaka wa mbuzi katika kalenda ya Kivietnamu, na ndiyo sababu kuna mbuzi kwenye jina la mgahawa. Alikulia Houston. Mama yake alifariki Christine akiwa na miaka 14, bila kuacha mapishi yoyote yaliyoandikwa. Alipofika chuo kikuu na kuanza kupika, hakuwa na pa kuangalia isipokuwa ulimi wake mwenyewe: anaonja, anakumbuka jikoni kwa mama, anaongeza chumvi, anaonja tena. Kisha ugonjwa wa neva uitwao neuromyelitis optica ukamwondolea uwezo wa kuona karibu wote. Alilazimika kujifunza upya hata kushika kisu.

Wengi wanaikumbuka ile pai ya tufaha ya kwenye shindano. Alikuwa ameshakata tamaa, anaamini ameleta kitu kisichofaa hata kuonyeshwa. Gordon Ramsay akaanza kumweleza rangi ya pai, kisha akapitisha kisu juu ya ganda lake ili Christine asikie mwenyewe jinsi lilivyokauka vizuri. Pai hiyo ameiweka kwenye menyu yake, na ameipa jina la Rubbish Apple Pie, yaani pai ya tufaha ya takataka. Siyo ile pai ya Kimarekani uliyoizoea. Ndani kuna tangawizi, ile bizari yenye umbo la nyota inayonukia kwenye supu ya phở, na karameli iliyotiwa nước mắm, yaani mchuzi wa samaki wa Kivietnamu. Usiogope. Nước mắm ni samaki wadogo na chumvi waliowekwa kwa miezi mingi hadi wakatoa maji yao, na ndani ya karameli hausikii samaki. Unasikia chumvi nzito inayoshikilia utamu usikukinai. Kama ni kitu kimoja tu utakachokula pale, nakushauri kiwe hicho.

Lakini kwa mtu wa kwetu, kivutio kikubwa zaidi ni mchuzi wa mbuzi. Wavietnamu wa kusini wanapika mbuzi kwa tui la nazi, mchaichai na bizari ya mchuzi, kisha wanauchovya kwa mkate wa ngano wenye ganda gumu. Bizari ililetwa Saigon na wafanyabiashara wa Kihindi, mkate ukaletwa na Wafaransa. Mtu wa Mombasa au Unguja akionja atatambua nusu ya sufuria mara moja: nazi ni ileile, mbuzi ni yuleyule, na njia ya bizari ilipita bahari hiyohiyo ya Hindi. Tofauti yake ni huo mchaichai, ambao sisi tumezoea kuutia kwenye chai, na mchuzi ambao ni mwepesi kuliko wetu. Utamkuta mtu anafuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha mkate, na hakuna anayemshangaa.

Hapo ndipo naona thamani ya mgahawa huu. Chakula alichokipika fainali, nyama iliyochemshwa taratibu kwa mtindo wa nyumbani na kuliwa kwa wali, ni chakula cha jikoni kwa mama, na menyu yake bado iko upande huohuo. Hakubadilika ili awafurahishe majaji, wala hakubadilika baada ya kupata jina.

Jambo la kujiandaa nalo ni matarajio. Usiende ukidhani Christine mwenyewe atakuwa amesimama kwenye jiko akikupikia. Mpishi mwenye mgahawa huonja, hupanga menyu, hufundisha mikono mingine. Sahani yako inapikwa na kikosi. Wapo wanaorudi nyumbani wamenuna kwa sababu hawakupiga naye picha, na mimi naona wamejinyima mlo mzuri bila sababu.

Mai's

Huku hakuna televisheni. Kuna familia moja iliyofika Marekani baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975, ikafungua mgahawa mwaka 1978 na kuupa jina la binti yao. Wengi wanautaja kuwa wa kwanza wa Kivietnamu mjini Houston. Mwaka 2010 uliteketea kwa moto, na mwaka 2011 ukafunguliwa tena palepale, Milam Street. Kizazi cha tatu cha familia hiyo ndicho kilichoshika usukani.

Menyu ya Mai's ni ndefu kiasi cha kuchosha, na hilo ndilo linaloufaa kwa kundi lenye watu wa kila namna. Mtoto atakula wali na kuku. Mzee asiyetaka mambo mageni atapata bò lúc lắc, vipande vya nyama laini ya ng'ombe vilivyokaangwa kwa moto mkali na kitunguu saumu kingi, pembeni kuna chumvi, pilipili manga na ndimu ya kuchovya. Hakuna mtu aliyelelewa kwa mishikaki atakayekikataa chakula hicho. Anayetaka supu atapata phở, mchuzi wa mifupa ya ng'ombe uliochemshwa kwa mdalasini, karafuu na tangawizi iliyochomwa, juu yake tambi za mchele na majani mabichi.

Je, utakula kitu kitakachokushangaza? Sidhani. Mai's si mahali pa kushangazwa, ni mahali pa kushiba bila wasiwasi, na bei zake ni za kawaida. Kwa miaka mingi mgahawa huu ulijulikana pia kwa kuwalisha watu usiku wa manane, ila saa za migahawa mingi zilibadilika baada ya Korona, hivyo angalia kabla hujatoka.

Crawfish & Noodles

Huu nao umewahi kuonekana kwenye televisheni, ila si kwa mashindano: mpishi wake, Trong Nguyen, alitembelewa na vipindi vya chakula kwa sababu ya sahani moja iliyozaliwa pwani hii. Wavuvi wa Kivietnamu walipohamia Ghuba ya Meksiko walikutana na kamba wa maji baridi wa Louisiana. Watu wa Louisiana huwachemsha kwenye maji yenye viungo na kuishia hapo. Wavietnamu wa Houston waliongeza hatua: kamba wakishaiva wanapinduliwapinduliwa kwenye siagi, kitunguu saumu na pilipili, hadi mchuzi unashika ganda.

Wanaletwa kwa uzito, wamerundikana, wekundu, wanatoa mvuke. Unamshika mmoja kwa mikono miwili, unasokota kichwa kikatike, unafyonza mchuzi uliobaki kichwani, kisha unamenya mkia na kuvuta kile kinyama kidogo. Mikono inaloa hadi kwenye viganja, midomo inawaka, mazungumzo yanapungua. Chakula hiki hakiliwi kwa haraka na hakifai shati jeupe. Wakenya wanaweza kuwa wanamfahamu kamba huyu bila kujua: ni aina ileile ya Louisiana iliyopandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970.

Msimu ndio kila kitu hapa. Kuanzia kama Februari hadi Mei kamba ni wakubwa na wengi. Nje ya hapo bei hupanda, ukubwa hupungua, na mara nyingine hawapo kabisa. Ukija Oktoba, mgahawa huu hauna ninachokisifia cha kukufanya uupite Mai's.

Yanayotuhusu sisi mezani

Nguruwe kwanza, kwa sababu ndugu zetu Waislamu watauliza na wana haki. Jiko la Kivietnamu linamtumia nguruwe kwa wingi, na mara nyingi bila kuonekana: ndani ya sambusa ndefu za chả giò, ndani ya supu fulani, kwenye mafuta. Tena si rahisi kukutana na nyama ya kuchinjwa kihalali kwenye migahawa ya aina hii, kwa hiyo usidhani tu kwamba mbuzi au kuku ni halali kwa kuwa si nguruwe. Uliza waziwazi: nyama imetoka wapi, mafuta ya kukaangia ni yapi, kuna mvinyo kwenye mchuzi? Anayefuata sheria kwa ukali atapumua zaidi Mai's, ambako orodha ya samaki, kamba wa baharini na vyakula vya tofu ni ndefu. Kwa Crawfish & Noodles, uliza kama soseji imeingia kwenye sufuria moja na kamba, kwa kuwa desturi ya Louisiana ni kuvichemsha pamoja. The Blind Goat menyu yake ni fupi zaidi, hivyo ukiondoa nyama utabaki na vichache. Piga simu mapema, usisubiri kufika mezani.

Pilipili: Crawfish & Noodles unachagua kiwango mwenyewe, na ukitaja kikali ujue umekitaja. Mai's hawatii kali, wanakuwekea pembeni. The Blind Goat wako katikati, na kwao ladha inatoka zaidi kwenye uchachu, chumvi na majani mabichi kama mnanaa na mrehani kuliko kwenye ukali.

Kuhusu gharama, The Blind Goat ndio utakaokutoa zaidi kwa sahani moja moja, Mai's ndio nafuu, na kamba bei yao inafuata msimu. Wageni kutoka nyumbani wakumbushwe kwamba bei ya kwenye menyu siyo ya mwisho: Houston kodi ya mauzo ni asilimia 8.25, na bakshishi ya mhudumu inatarajiwa kuwa kama asilimia 18 hadi 20. Mkiwa kundi kubwa, angalieni bili vizuri, kwani migahawa mingi huwa imeshaiingiza bakshishi humo.

Usafiri nao unaamua mengi. Wengi wetu, hasa familia zilizotoka Kongo na kupokewa huku kama wakimbizi, tunaishi kusini magharibi ya mji, Gulfton, Sharpstown na Alief. Kwetu Bellaire Boulevard ni karibu kabisa. Mai's uko Midtown, ambako treni ya METRO inapita, hivyo ndio pekee unaofikika bila gari kwa raha. Spring Branch iko ng'ambo ya barabara kuu namba 10. Bila gari ni shida, na jioni ya Ijumaa hata ukiwa na gari jiwekee muda.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto wadogo na bibi aliyetoka Bukavu juzi: Mai's, bila kufikiri mara mbili. Agizeni bò lúc lắc, samaki na wali mwingi, mle kwa pamoja kama mlivyozoea.

Vijana sita, mwezi wa Machi, hakuna anayejali nguo: Crawfish & Noodles. Waulizeni kwanza mezani kama kila mtu anakula kamba, maana wapo wasiokula kwa dini, na wapo ambao miili yao haipatani nao. Asiyekula atabaki na tambi, na atawaangalia tu mkifurahi.

Watu wawili au wanne wanaopenda kuzungumza juu ya wanachokula: The Blind Goat. Hapo ndipo pia ningempeleka mtu aliyepoteza mzazi na anayejaribu kukipika tena chakula cha nyumbani kwa kukumbuka tu, kwa sababu atakula kazi ya mtu aliyefanya hivyohivyo na akafaulu.

Na mgeni mwenye usiku mmoja tu Houston, anayekula kila kitu, aende The Blind Goat hata kama hajawahi kutazama MasterChef maishani mwake. Phở nzuri ataipata London, Paris au Toronto. Kamba watamsubiri hadi msimu mwingine. Mchuzi ule wa mbuzi na ile pai yenye nước mắm ni vya mwanamke mmoja, katika mji mmoja. Weka nafasi mapema, uliza kama mbuzi yupo siku hiyo kwa kuwa menyu hubadilika, agizeni sahani za kugawana badala ya kila mtu na yake, na pai iagizeni tangu mwanzo.